Habari za Sadala bin Mhina, Aliyetembea Kinyumenyume kwa Ajili ya Mlango wa Mkwewe

Nyamazeni, enyi watu wa bondeni na wa milimani. Anayetafuna na ameze, anayekohoa na amalize, na aliyeacha ugali jikoni akauepue kwanza ndipo arudi, kwa maana jambo ninalolileta leo halisimuliwi mara mbili kwa watu wenye masikio yao. Nalianza kwa jina la Mola aliyezitandaza mbingu saba bila ya kuuliza kila kaya ina watu wangapi. Namtaja Sadala bin Mhina, simba wa Kwemkambala, mruka vichaka, mkwepa njia, ambaye katika mwaka ule wa operesheni, watu walipotolewa makwao na kupangwa mistari kando ya barabara, aliitikisa ramani ya serikali kwa kisigino chake. Msije mkasema natia chumvi. Chumvi mwaka ule ilikuwa adimu, na ile kidogo niliyopata niliitia kwenye mboga.

Kwanza mjue shujaa huyu alikuwa anapigana na nini. Sadala alimwoa Hajira, binti wa pekee wa Bibi Mwantumu, na katika miaka saba ya ndoa hakupata kumwona mama mkwe wake usoni hata siku moja. Alikwisha kumwona kisogo, mara mbili, na zote kwa bahati mbaya. Kwani kwa Wazigua wa zama zile, mkwe alikuwa mkwe: haitwi kwa jina, hatazamwi, wala hupishani naye njiani bega kwa bega. Mwanamume akimwona mama mkwe anakuja huku, yeye anashika kule. Kwa heshima hiyo Sadala alikwisha kujitosa kwenye miiba, kwenye mihogo ya watu, kwenye josho la ng'ombe, na siku moja, Mungu amsitiri, chini ya mzinga wa nyuki, ambako alisimama kimya mpaka bibi alipopita, naye akaumwa na nyuki kumi na mmoja bila ya kupiga kelele. Huyo ndiye mtu ninayewaletea.

Kule makwao zamani, porini Mazingara, heshima hiyo haikuwa na taabu. Nyumba ya bibi ilikuwa juu, ya Sadala chini, na kila nyumba ilikuwa na njia yake. Hajira alipika kwenye mafiga ya mama yake, wakala wanawake huko juu pamoja na mtoto Chausiku, kisha chakula cha bwana kikateremka kikiwa kimefunikwa. Chungu kilikuwa kimoja, milango miwili. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoleta vita.

Basi akashuka kutoka Vugiri, kwenye baridi na migomba, kijana mmoja jina lake Kaleb, Bwana Mipango, mwenye nywele zilizochanwa upande na karatasi ya miraba aliyoikunja kama hirizi. Alikwama Segera siku mbili akingoja gari, akafika Kwemkambala, kijiji chetu kipya cha kando ya barabara, na vumbi mpaka kwenye kope, wala hakunawa kabla ya kufungua karatasi yake. Na hapa msimcheke, alikuwa na nia njema. Mwaka uliotangulia, kijiji kingine kilipewa nyumba za ukubwa mmoja kwa watu wote, mseja akawa anaitikiwa na mwangwi wake mwenyewe, na baba wa watoto kumi na mmoja akawa analaza watoto kwa zamu. Malalamiko yakapanda ngazi mpaka yakafika kwa wakubwa, na wakubwa wakaamua kwamba sasa mahitaji ya wananchi yatapimwa, na nyumba zitakuwa za ukubwa mbalimbali. Zikapangwa tatu. Ndogo, vyumba viwili, kwa kaya ya watu wawili mpaka wanne. Ya kati, vyumba vitatu, kwa watano mpaka saba. Kubwa, vyumba vinne, kwa wanane na kuendelea.

Watu waliposikia hivyo, kila mtu akawa na ukoo mkubwa. Wakaandikishwa marehemu, wakaandikishwa wajukuu ambao mama zao bado walikuwa wanacheza kombolela, na mzee mmoja wa karibu na mtoni akaandikisha mbuzi wake watano kuwa ni wapwa, tena kwa majina mazuri. Kaleb alipowaita wapwa waje watazamwe, wakaja wakilia. Tangu siku hiyo akatangaza sheria yake: kaya ni chungu. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, hata wakichukiana. Akapita na kitabu chake akihesabu mafiga, siyo maneno.

Ndivyo Sadala, Hajira, Chausiku na Bibi Mwantumu walivyoandikwa kaya moja, watu wanne, nyumba ndogo. Kaleb akatandaza kamba juu ya ardhi, akapigilia vigingi, akasema hapa. Sadala akaingia ndani ya kamba kuijaribu nyumba yake kama mtu ajaribuye kanzu. Chumba huku, chumba kule, vinatazamana. Katikati ukumbi wa futi nne. Mlango mmoja, mbele, wa wote. Akajifanya ameamka alfajiri, akatoka katika chumba chake cha kamba, akapiga hatua moja tu ukumbini, akaona kwa macho ya moyo mlango wa pili ukifunguka. Jasho likamtoka. Alitazama dirisha kwenye karatasi: lilikuwa la futi moja na nusu, nalo mabega yake yalikuwa ya mtu aliyelima tangu utotoni.

Bibi Mwantumu naye alikuwa amepima kwa upande wake. Akamtuma Hajira kwa mumewe na maneno haya, kwamba yeye amezaliwa na heshima na atazikwa nayo, kwamba hataki ugomvi na serikali wala na mkwe, bali kama hatapata mlango wake mwenyewe atarudi porini Mazingara kwenye nyumba yake ya zamani, akae na ngedere. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Kukaa peke yake asingeweza, na kila mtu alijua.

"Mama yangu simwachi," akasema Hajira, ameshika kiuno, wala hakupandisha sauti. "Na wewe nakupenda. Sasa fanya kitu, na ukifanye kabla ya Jumamosi."

Kwa maana Jumamosi adhuhuri lori lingekuja kuichukua ramani kuipeleka Handeni ikapigwe mhuri, na ramani ikishapigwa mhuri, kigingi hakihami hata kwa dua. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Sadala akatazama kibanda chao cha muda cha nyasi, akamwaza Hajira akiondoka na mtoto mgongoni.

Akajifunga kibwebwe, akaenda kwenye meza ya Bwana Mipango, nayo meza ile ilikuwa sanduku la chai lililopinduliwa. Mbele yake kulikuwa na foleni ya watu thelathini na wanane, naye aliivuka kwa uvumilivu kama majeshi yavukavyo jangwa, hatua moja kwa kila malalamiko. Alipofika, akavua kofia, akanena kwa sauti ya kutetemesha sanduku.

"Bwana Mipango, umetuandika wanne. Sisi si wanne. Sisi ni watatu na mmoja."

Kaleb akapiga hesabu kwa penseli ili asimwonee mtu. "Watatu na mmoja ni wanne, mzee."

"Kwenye kitabu, ndiyo. Kwenye ukumbi wa futi nne, hapana."

Akamweleza yote, na nyuki hakuwaacha. Kaleb akasikiliza kwa huruma, maana huko kwao milimani pia wakwe hawachezewi, lakini huruma haikuwa na safu kwenye jedwali lake. Akasema angeweza kumpa nyumba ya kati endapo angepatikana mtu wa tano. Sadala akamjibu kwamba hata angepewa nyumba ya vyumba arobaini, mlango ukiwa mmoja, arobaini hiyo ni taabu tupu. Chumba hakikuwa shida yake. Shida ilikuwa mlango. Kaleb akafungua mwongozo wake, akautafuta mlango ukurasa kwa ukurasa, akakuta serikali imepanga vyumba, mabati, umbali wa choo na miche ya miti, lakini swali la nani anakutana na nani mlangoni halikuwa limempitia mtu yeyote akilini. Akafunga mwongozo, akakuna kichwa.

"Kaya ni chungu," akasema mwisho. "Nikiona mafiga mengine, nitaandika kaya nyingine. Ila nimechoka kudanganywa. Mkuu wa kaya aweke figa la mwisho kwa mkono wake, mbele yangu na mbele ya huyo anayejitenga. Wote wawili. Mahali pamoja."

Mahali pamoja! Sadala bin Mhina, aliyewashinda nyuki, akashika ukingo wa lile sanduku asianguke.

Habari zikapelekwa kwa Bibi Mwantumu, naye akakaa nazo mchana mzima akichambua mchicha. Kisha akajibu kupitia kwa Hajira, ingawa Sadala alikuwa upande wa pili wa ukuta wa nyasi na alisikia kila neno. Akasema amekubali, Mungu atamsamehe. Lakini hatapika juu ya matofali ya serikali wala juu ya mawe ya kuokota. Anataka mafiga yake mwenyewe kutoka Mazingara, matatu, lile lililovunjika pua likiwemo.

Ijumaa, jua lilipochomoza, Sadala akaazima baiskeli ya balozi wa nyumba kumi, Mzee Athuman, ambaye alimpa kwa masharti zaidi ya yale ya kuoa, akaondoka kwenda kuyakomboa mawe. Sitawachosha kwa vilima, wala kwa mnyororo uliotoka mara sita. Nitasema tu kwamba alipofika, nyumba ya zamani ilikuwa imetekwa. Ngedere walikuwa darini, ngedere walikuwa uani, na jikoni, juu ya figa lililovunjika pua, alikaa dume lao kubwa, mikono magotini kama mwenyekiti wa tawi.

Sadala akamtazama. Ngedere akamtazama Sadala. Kuku mwitu wakanyamaza vichakani. Shujaa akamwambia kwamba hakuja kwa ubaya, kwamba jiwe lile lina mwenyewe, kwamba kuna mwanamke anaitwa Hajira na jambo hili ni lake. Ngedere akajikuna kwapa. Ndipo Sadala akatoa muhogo wake wa kuchoma, chakula chake chote cha siku ile, akauweka chini, akarudi nyuma hatua tatu. Mkataba ukakubaliwa bila ya wanasheria. Akafunga mawe matatu kwenye gunia, akayapandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akarudi na njaa, na alasiri akaingia Kwemkambala akisukuma, maana tairi lilikuwa limekufa njiani.

Ikapambazuka Jumamosi, siku ya haki.

Bibi Mwantumu akatangulia uwanjani, akaketi kwenye kigoda mahali palipochaguliwa, kanga kichwani mpaka usoni, akaelekea milima ya Usambara na kuupa kijiji mgongo. Mafiga mawili Hajira alikuwa amekwisha kuyapanga ubavuni pake. Kaleb akasimama kando na kitabu. La tatu, lenye pua iliyovunjika, lilibaki mikononi mwa Sadala, hatua mia na ishirini kutoka hapo, na kati yake na mkwewe zilikuwa zimetandazwa kamba na vigingi vya nyumba themanini.

Angeendaje? Uso kwa mgongo ni kumtazama mkwe, na mgongo ni sehemu ya mkwe. Upande upande ni kuibia jicho. Sadala akapumua, akasema bismillahi, akageuka, akaupa uwanja kisogo chake, akaanza kutembea kinyumenyume.

Oneni sasa, enyi mliosoma habari za wafalme waliovuka mito na milima wakiwa wanaona waendako! Huyu alivuka asikokuona, jiwe kifuani, kisigino kikitangulia kama mjumbe. Hajira alitembea kando yake na mtoto mgongoni, akimwongoza kwa maneno mafupi.

"Kamba," anasema, na shujaa ananyanyua mguu juu kama korongo.

"Kigingi."

"Kigingi tena."

"Mbuzi." Nao walikuwa wale wapwa, wamelala katikati ya nyumba ya kati ya mtu mwingine, wasiotaka kupisha historia. Akawazunguka kwa kisigino.

Kwenye hatua ya themanini kamba moja ikamkamata kifundo. Akayumba. Jiwe likayumba. Wanawake wakashika vichwa, na Kaleb alikiri baadaye kwamba hata yeye alifumba macho, kwa sababu jiwe likianguka likapasuka hakuna mafiga, pasipo mafiga hakuna kaya, na pasipo kaya Hajira anakwenda na mama yake. Sadala akasimama kwa mguu mmoja, akatweta, akajivuta polepole, akauweka mguu wa pili chini. Kijiji kizima kikatoa pumzi.

Akafika. Akachuchumaa mgongo kwa mgongo na mama mkwe wake, karibu kuliko alivyopata kuwa katika miaka saba, akapeleka mikono nyuma, akapapasa, akaliweka figa kwenye mavumbi, kando ya yale mawili. Halikukaa sawa. Akalisukuma, likazidi kupinda. Sadala hakujua afanye nini, kwani kuuliza hakuruhusiwi na kutazama ni haramu.

Ndipo Bibi Mwantumu, ambaye hakupata kumsemesha mkwewe tangu siku ya posa, akaliinamia jiwe.

"Wewe jiwe," akasema, "sogea kushoto."

Jiwe likasogea kushoto.

"Rudi kidogo. Umezidi. Hapo."

"Jiwe limesikia," akajibu Sadala, akiyaambia mavumbi yaliyokuwa mbele yake.

Moto ukawashwa, chungu kikapanda, Kaleb akachungulia, akaona moshi wa kweli na maji ya kweli. Akafungua kitabu, akaandika namba ya kaya mpya, kisha penseli ikasimama. Akasema kwa masikitiko kwamba kuna tatizo. Nyumba ndogo inaanzia watu wawili. Kaya ya mtu mmoja haimo kwenye mpango.

Bibi akamgeukia, maana Kaleb hakuwa mkwe wake, akaifunua kanga.

"Mjukuu wangu," akasema, "nyumba ya wawili mmepanga, ya watano mmepanga, ya wanane mmepanga. Mmoja ndiye anayewatangulia wote hao. Huko ofisini mlianzaje kuhesabu kutoka mbili?"

Kaleb akanyanyua penseli. Akatazama karatasi ya miraba iliyotoka mbali kiasi kile, akatazama chungu kinachochemka, akatazama barabara ambako vumbi la lori lilikuwa linaonekana. Kisha, bila ya kibali cha mkubwa yeyote, akachora pembeni kabisa mraba mmoja mdogo, chumba kimoja, mlango mmoja, akaandika chini yake: Nyumba ya Mtu Mmoja. Akauliza mlango uelekee wapi. Katika maelfu ya nyumba alizopanga hilo lilikuwa swali lake la kwanza la aina hiyo.

"Ninakotazama," akasema bibi.

Kaleb akapigilia vigingi vinne. Mlango ukatazama milima, mlango wa Sadala ukatazama barabara, na kati ya milango hiyo miwili hapakuwa na macho.

Lori lilichelewa kuondoka kwa saa tano. Kwani moshi ule haukuwa umepanda vizuri angani kabla kijiji kizima hakijaanza kukimbilia mawe, na kufikia alasiri kulikuwa na mafiga mapya ishirini na sita, kila mafiga yakiwa na mama mkwe wake, na wanaume ishirini na sita wakipita uwanjani kinyumenyume wakigongana visogo. Kaleb aliandika mpaka penseli ikawa fupi kuliko kucha. Baada ya miezi minne ofisi, ambayo sitaitaja kwa jina, ilijibu kwa barua ikiuliza vipi kijiji kimoja kina wajane wengi namna hiyo, na kama palitokea maafa yasiyoripotiwa. Kaleb aliandika kwamba hapakuwa na maafa, na kwamba mahitaji yamepimwa.

Lakini turudi kwenye saa yenyewe. Sadala alipoinuka kuondoka, uso wake ukielekea aendako kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alisikia nyuma yake ile sauti ikizungumza na figa.

"Jiwe hili limelelewa vizuri," ilisema. "Jioni litaletewa chakula."

Sadala alikwenda nyuma ya kibanda akalia, mtu mzima na ndevu zake, na aliyetaka kumcheka siku ile alitazama pembeni.

Basi nyie mnaotunza tarehe za vita na za watawala, tafuteni mahali pembeni mwa vitabu vyenu, hata pawe padogo, muandike hivi. Katika mwaka wa operesheni, siku ya Jumamosi, kabla ya adhuhuri, huko Kwemkambala, Sadala bin Mhina alitembea hatua mia na ishirini bila ya kuona aendako, serikali ikajifunza kuhesabu kuanzia moja, Bibi Mwantumu akapata mlango, na Hajira akabaki.